Mcheza Kwao Hutuzwa: Ngoma, Sherehe na Tamasha katika Kiangazi cha Tanzania ya Kati

Ikisiri

Makala hii inafafanua mikusanyiko ya sanaa, muziki na utamaduni inayofanyika baada ya mavuno katika Tanzania ya kati na sehemu zinazopakana nayo. Ufafanuzi unaanzia kwenye maneno ambayo Kiswahili hutumia kutaja mikusanyiko hiyo, hususan ngoma, sherehe na tamasha, kisha unapitia mifano michache inayojulikana ili kuonyesha kinachobadilika pale shughuli inapotoka katika uwanja wa kijiji na kupanda jukwaani. Hoja kuu ni kwamba mabadiliko hayo hayahusu mahali na mavazi peke yake. Yanahusu pia nani anayeshiriki, nani anayehukumu, na wimbo unaimbwa kwa lugha gani.

1.0 Utangulizi

Ulemo ni kata iliyomo katika Wilaya ya Iramba, Mkoa wa Singida. Wenyeji wa wilaya hiyo kwa sehemu kubwa ni Wanyiramba, na majirani zao ni Wanyaturu kwa upande wa kusini, Wanyisanzu kwa upande wa kaskazini-mashariki, na Wasukuma na Wanyamwezi kwa upande wa magharibi. Ukisogea kusini-mashariki na kuvuka mpaka wa mkoa, unaingia katika nchi ya Wagogo. Kwa hiyo kata ya namna hii iko mahali ambapo mila za ngoma za watu kadhaa hukaribiana, hushindana na kuazimana.

Mtu atakayeuliza ni wakati gani katika mwaka sanaa za jamii huonekana kwa wingi sehemu hizi atajibiwa mara moja kwamba ni kiangazi. Jibu hilo ni sahihi, lakini halitoshi. Linahitaji kuelezwa kiangazi ni nini kwa mkulima wa Tanzania ya kati, kinaitwaje kile kinachofanyika katika majira hayo, na kwa nini majina hayo yamekuwa yakibadilika. Makala hii inajaribu kujibu maswali hayo matatu kwa utaratibu huo.

2.0 Kiangazi kama Majira ya Sanaa

Neno kiangazi lina uhusiano na vitenzi kuangaa na kuangaza, na pia na nomino mwanga. Ni majira ya uwazi, ambapo mbingu haina mawingu ya mvua. Hata hivyo, miezi inayotajwa kwa neno hilo si ile ile kila mahali. Katika mwambao, ambako mwaka hugawanywa kwa pepo za kaskazi na kusi na kwa mvua za masika na vuli, kiangazi aghalabu ni kile kipindi cha joto kali cha Januari na Februari, na miezi ya baridi ya Juni hadi Agosti ina jina lake, yaani kipupwe. Katika Tanzania ya kati hakuna masika na vuli kama misimu miwili iliyoachana. Kuna msimu mmoja tu wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba na kumalizika Aprili. Miezi yote iliyobaki ni kiangazi. Neno moja, basi, limepewa kazi mpya lilipoingia bara.

Tofauti hii ina maana kwa mada yetu. Katika nchi za kaskazini ya dunia, tamasha za sanaa hufanywa majira ya joto kwa sababu wakati huo ndipo watu wanapoweza kukaa nje. Tamasha la Edinburgh huko Scotland, lililoanza mwaka 1947, hufanyika Agosti. Katika Mkoa wa Singida sababu si hali ya hewa peke yake. Julai kwenye uwanda huu wa juu ni mwezi wa upepo na baridi ya usiku. Sababu iko katika kazi na chakula. Mvua ya mkoa huu ni haba, kiasi cha milimita 500 hadi 800 kwa mwaka, nayo hunyesha kwa miezi michache. Katika miezi hiyo kila mkono unahitajika shambani. Mtama, uwele, mahindi, karanga na alizeti vikishavunwa kati ya Mei na Julai, mambo manne hukutana kwa pamoja: ghala lina nafaka, pombe inaweza kupikwa, vijana wana nafasi, na njia zinapitika. Mambo hayo manne ndiyo msingi wa kiuchumi wa ngoma.

Ndiyo maana pia shughuli nyingi za maisha ya jamii hurundikana katika majira hayo: kulipa mahari, kuoa, kutambika, na kuwatia vijana jandoni. Jando hasa lilipangwa kiangazi, wakati wa ubaridi na ukavu, na wakati ambapo wazazi waliweza kuwalisha wageni. Ngoma katika mazingira hayo haikuwa burudani iliyotengwa na shughuli. Ilikuwa sehemu ya shughuli yenyewe.

3.0 Maneno Matatu

3.1 Ngoma

Neno ngoma ni la asili ya Kibantu, na linapatikana kwa umbo hilo au linalokaribiana nalo katika lugha nyingi, kuanzia Kongo hadi Afrika ya Kusini. Katika Kiswahili neno hili lina maana zinazotokana moja kutoka katika nyingine. Kwanza ni chombo chenyewe, gogo au pipa lililowambwa ngozi, kama tunaposema ngoma imepasuka. Pili ni mchezo maalumu wenye mapigo, nyimbo na miondoko yake, kama katika usemi kwamba ngoma hii ni ya Wanyiramba. Tatu ni mkusanyiko wote, pamoja na mahali, chakula na watu wake: leo kuna ngoma kwa fulani. Nne ni tiba inayofanywa kwa kupiga na kuimba, kama katika ngoma ya pepo.

Jambo la kuzingatia ni kwamba maana hizi hazitenganishi chombo, mchezaji na mtazamaji. Anayekwenda ngomani amekwenda kuwamo. Kitenzi kinachoandamana na nomino hii ni kucheza, kitenzi ambacho Kiswahili hukitumia kwa dansi, kwa mpira na kwa bao, na katika yote hayo mchezaji ni mshiriki. Hata yule asiyeingia katikati ya duara huitikia, hupiga makofi au vigelegele, na akipenda humtuza mchezaji.

Katika miaka ya karibuni vijana wameliongezea neno hili maana ya tano. Kwao ngoma ni wimbo mmoja uliorekodiwa, kama wanaposema kwamba msanii fulani ametoa ngoma mpya. Maana hii imetokana na zile za awali, lakini imepoteza sifa moja kubwa. Ngoma ya namna hiyo inaweza kusikilizwa na mtu mmoja chumbani.

3.2 Sherehe

Sherehe ni neno lililotoka katika Kiarabu, kwenye mzizi wenye dhana ya kufungua, kupanua na kufafanua. Kutokana na mzizi huo Kiswahili kimepata maana mbili zinazoonekana kuwa mbalimbali. Katika uhariri wa tungo, sherehe ni maelezo ya maneno magumu yanayowekwa mwishoni mwa kitabu. Katika maisha ya kila siku, sherehe ni furaha inayofanywa hadharani kwa sababu maalumu. Kinachoziunganisha maana hizo ni ile dhana ya kufungua: maelezo hufungua maana, na furaha hufungua kifua. Sherehe, tofauti na ngoma, lazima iwe ya kitu fulani. Ni sherehe ya arusi, ya kuhitimu, au ya Uhuru. Kwa hiyo ndilo neno lililopendelewa na serikali na taasisi za dini baada ya Uhuru, kwa kuwa lilitaja sababu ya mkusanyiko kabla ya kutaja kinachochezwa.

3.3 Tamasha

Safari ya neno tamasha ni ndefu zaidi. Asili yake ni Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kutembea, na umbo lake katika lugha hiyo lilikuwa na maana ya kutembea pamoja. Lilipoingia katika Kiajemi lilichukua maana ya kutembea ili kutazama, kisha maana ya kile kinachotazamwa. Kwa maana hiyo ya mwisho lilienea hadi Bara Hindi, na linajulikana pia katika mwambao wa Afrika ya Mashariki. Tamasha kwa asili yake, basi, ni kitu cha kutazamwa.

Hapa ndipo ulipo mgawanyiko. Ngoma inahitaji mchezaji na mwitikiaji. Tamasha linahitaji mwonyeshaji na mtazamaji. Nomino inayofuatana na tamasha ni onyesho, inayotokana na kuonyesha, na mzizi wake ni kuona. Hatusemi kwamba mtu amekwenda kuonyesha ngoma kwa shangazi yake; tunasema amekwenda kucheza. Lakini katika tamasha kikundi huitwa kuonyesha ngoma, na wanaobaki kukaa kwenye viti huitwa watazamaji au hadhira. Msamiati umeshagawa kazi kabla ngoma haijaanza kupigwa.

4.0 Mifano ya Mikusanyiko ya Kiangazi

4.1 Bulabo

Mfano wa kwanza uko magharibi ya Singida, Usukumani. Katika Bujora, Kisesa, karibu na jiji la Mwanza, hufanyika kila mwaka, aghalabu mwezi Juni, sherehe inayojulikana kwa jina la Bulabo. Sherehe hii ilianza kama maandamano ya Wakatoliki ya sikukuu ya Ekaristi, ambapo njia ilipambwa kwa maua, na jina lenyewe lina maana ya maua. Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada aliyeanzisha makumbusho ya Wasukuma hapo Bujora, aliiunganisha sikukuu hiyo na mashindano ya ngoma ambayo Wasukuma walikuwa nayo tangu karne ya 19.

Mashindano hayo ni ya pande mbili, Bagika na Bagalu, ambazo chanzo chake kinaelezwa kuwa ni ushindani wa waganga wawili mashuhuri, Ngika na Gumha. Kila upande una ngoma zake, nyimbo zake na dawa zake za mvuto. Utaratibu wa hukumu ndio unaofaa kuangaliwa kwa makini. Kwa desturi, vikundi viwili hucheza wakati mmoja katika uwanja mmoja, kimoja huku na kingine kule, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi. Hakuna jopo la waamuzi lenye karatasi za alama. Mtazamaji anapiga kura kwa miguu yake, na anaweza kuibadili kura hiyo mara nyingi kabla jua halijatua. Kwa sababu hiyo mtunzi wa Kisukuma, aitwaye ningi, hana budi kuwa na wimbo mpya kila msimu, wenye habari ambayo watu hawajaisikia na kijembe kitakachowafanya wageuke.

4.2 Mwaka Kogwa

Mfano wa pili ni wa Unguja. Katika Makunduchi, kusini ya kisiwa, wenyeji husherehekea Mwaka Kogwa, mwaka mpya wa kuhesabiwa kwa jua, wenye uhusiano na Nairuzi ya Waajemi, na ambao siku hizi huangukia mwezi Julai. Jina lenyewe limehifadhi kitenzi koga, yaani kuoga. Ni mwaka unaooshwa. Wanaume hupigana kwa vigomba, kibanda cha makuti huchomwa moto, na wanawake waliovaa nguo zao nzuri huimba wakizunguka uwanja. Kupigana huko ni njia ya kumaliza kinyongo cha mwaka uliopita.

Siku hizi Mwaka Kogwa huhudhuriwa na viongozi na watalii, na kwa sura ya nje umekuwa tamasha. Hata hivyo umehifadhi jambo moja ambalo tamasha nyingi hazina: mgeni hawi mtazamaji tu. Kwa imani ya wenyeji, nyumba isiyopata mgeni siku hiyo haina baraka, kwa hiyo anayekuja kutazama hujikuta anakula katika nyumba asiyoijua. Lahaja ya Makunduchi nayo ina nafasi yake katika nyimbo za siku hiyo, hata pale matangazo ya wasimamizi yanapotolewa kwa Kiswahili Sanifu.

4.3 Tamasha la Chamwino

Mfano wa tatu uko karibu zaidi na Iramba. Wagogo wa Dodoma wanajulikana duniani kwa uimbaji wao wa sauti nyingi zinazopishana na kukutana, kwa zeze, kwa ilimba, na kwa ngoma za muheme zinazopigwa na wanawake. Sifa hizo zilivuka mipaka ya nchi hasa kwa kazi ya Hukwe Zawose (1938–2003), ambaye alitoka kijijini Ugogo na kuwa mwanamuziki wa kikundi cha taifa, kisha mwalimu katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilichoanzishwa mwaka 1981. Chuo hicho ndicho kinachoitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo tangu mwaka 2007, na tamasha lake la kila mwaka, lililoanza miaka ya 1980, limekuwa mfano ulioigwa na wengi.

Mwaka 2009 mkondo huo uligeuzwa. Kedmon Mapana, Mgogo na mwanataaluma wa muziki, alianzisha tamasha la muziki wa Kigogo katika kijiji cha Chamwino, mashariki ya mji wa Dodoma. Badala ya kuwapeleka wachezaji wa kijiji mjini, tamasha hili huwaleta watu wa mjini na wa nje kijijini, na vikundi vya vijiji vya Wagogo hucheza mbele ya Wagogo wenzao. Nyimbo ni za Kigogo. Dodoma yenyewe ilipewa hadhi ya jiji mwaka 2018, na kadiri linavyokua ndivyo umuhimu wa uamuzi huo unavyozidi kuonekana. Mtoto aliyekulia katika jiji hilo anaweza kufika Chamwino, akasikia muheme ukipigwa, na akasikia bibi yake akiitikia.

4.4 Mikusanyiko ya Serikali na ya Shule

Mifano mitatu iliyotajwa ina sifa, lakini si ndiyo inayofika katika kata kama Ulemo. Kinachofika huko kwa kawaida ni mikusanyiko ya aina nyingine. Upo Mwenge wa Uhuru, ambao uliwashwa kwa mara ya kwanza juu ya Mlima Kilimanjaro Desemba 1961, na ambao mbio zake hupita wilayani zikipokewa kwa ngoma, kwaya na ngonjera. Upo mkesha wake, ambapo vikundi hupeana zamu usiku kucha. Ipo sikukuu ya wakulima ya tarehe 8 Agosti, Nanenane, ambayo maonyesho yake ya Kanda ya Kati, yaani Dodoma na Singida, hufanyika Nzuguni, Dodoma. Yapo pia mashindano ya michezo na sanaa ya shule za msingi na sekondari, ambayo huanzia ngazi ya chini na kupanda hadi taifa katikati ya mwaka, na kwaya za makanisa ambazo katika Iramba zina mizizi mirefu kutokana na umisionari wa Kilutheri.

Si haki kuyadharau mambo haya. Kwa watoto wengi wa kijijini, ngoma ya shule ndiyo mara ya kwanza ya kushika chombo cha muziki mbele ya watu. Ngonjera pia, ambayo ni utanzu wa majibizano, ilisitawishwa na mtu wa Tanzania ya kati, Mathias Mnyampala (1917–1969), mzaliwa wa Dodoma, na ikawa chombo cha kueneza siasa ya Azimio la Arusha la 1967 katika kila shule. Lakini mikusanyiko hii yote ina tabia moja. Mada hutoka juu. Mwaka huu ni mazingira, mwaka ujao ni uwekezaji, na manju wa kijiji hutakiwa kuiingiza mada hiyo katika mapigo ya babu yake.

5.0 Kutoka Uwanjani hadi Jukwaani

Mageuzi ya ngoma kuwa onyesho hayakuanza jana. Wakati wa ukoloni, ngoma ilitazamwa na watawala kama jambo la kuwekewa kibali na mipaka ya saa, na wamisionari wengi waliiona kuwa upagani. Wananchi wenyewe nao walibuni ngoma mpya. Beni, iliyoanza katika miji ya mwambao mwishoni mwa karne ya 19 na kuenea bara wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na baada yake, iliiga gwaride na vyeo vya kijeshi, na ikawa na mashindano makali ya Marini na Arinoti. Baada ya Uhuru, Mwalimu Nyerere aliunda mwaka 1962 wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, kikundi cha ngoma cha taifa kikaanzishwa, na ngoma za makabila mbalimbali zikafundishwa kwa wachezaji wa makabila mengine. Baraza la Sanaa la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1984, na Sera ya Utamaduni ikatolewa mwaka 1997. Hatua hizi ziliipa ngoma heshima iliyokuwa imenyang'anywa, na hilo halina ubishi.

Pamoja na heshima hiyo yalikuja mabadiliko ya umbo, ambayo yanaweza kuelezwa kwa mambo manne.

(a) Muda. Ngoma ya usiku kucha hupewa jukwaani dakika kumi au kumi na tano. Wimbo unaohitaji saa nzima ili kisa kifikie kilele hukatwa na kubaki kiitikio.

(b) Duara. Uwanjani wachezaji na watu hutazamana. Jukwaani mchezaji humtazama mtu mmoja, naye ni mgeni rasmi.

(c) Shughuli. Ngoma ya jando huchezwa bila jando, na ya mavuno huchezwa kabla ya mavuno. Katika hili hasara haiko upande mmoja. Baadhi ya shughuli zilizobebwa na ngoma zilistahili kukoma. Ukeketaji wa wasichana, uliokuwa na mizizi mirefu katika mikoa ya Singida na Dodoma, ulikatazwa kwa watoto wa kike na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998. Muheme, ambayo ilihusishwa na shughuli za jando, inaendelea kuvutia bila kisu. Hii ni thibitisho kwamba ngoma inaweza kutengana na mila yenye madhara bila kufa.

(d) Tuzo. Methali inasema, mcheza kwao hutuzwa. Kutuza katika methali hii ni tendo la jamaa: shangazi anaingia duarani, anamfunga mchezaji kitambaa au anambandika sarafu kwenye paji la uso. Tuzo ni ushahidi kwamba mchezaji ana watu. Siku hizi neno tuzo limehamia kwenye kikombe na cheti vinavyotolewa na taasisi kwa mshindi mmoja. Wengine wote, ambao kwao wangetuzwa, hurudi mikono mitupu.

6.0 Suala la Lugha

Katika mabadiliko yote, lililo gumu zaidi kulirekebisha likishatokea ni la lugha. Kinyiramba na Kinyaturu ni lugha za Kibantu za kundi ambalo Guthrie aliliweka katika kanda F. Zina irabu saba, ambapo Kiswahili kina tano, na ni lugha za toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunaweza kutofautisha maana ya neno. Kiswahili hakina toni ya namna hiyo. Kina mkazo, ambao kwa kawaida huwa katika silabi ya mwisho kasoro moja.

Matokeo yake katika wimbo ni makubwa. Katika lugha ya toni, melodia haiwezi kwenda inakotaka bila kujali maneno, kwa sababu melodia inayopingana na toni inaweza kulificha neno au kulifanya lisikike kama neno jingine. Kwa kiasi fulani wimbo wa jadi huzaliwa kutoka katika mazungumzo. Sasa tuchukue wimbo wa Kinyiramba ambao kikundi cha shule kinataka kuupeleka mashindanoni mkoani. Mwalimu anawashauri wautafsiri, ili waamuzi wauelewe. Maneno ya Kiswahili yanapachikwa katika melodia iliyochongwa kwa maneno mengine. Silabi zinazidi au zinapungua, mkazo unaangukia pasipo pake, na ile sababu ya melodia kupanda mahali fulani inapotea. Kinachobaki kinaweza kupendeza, lakini si wimbo ule. Aidha mafumbo hayavuki. Kijembe kinachotegemea jina la kilima au la mtu wa ukoo fulani hakina maana kwa mwamuzi wa mkoani, kwa hiyo huondolewa, na mahali pake huwekwa shukrani kwa viongozi.

Hoja hii haimaanishi kwamba Kiswahili ni adui wa nyimbo za jadi. Pasipo Kiswahili, Mnyiramba na Mgogo wasingeweza kukaa katika tamasha moja na kuelezana maana. Sera ya mwaka 1997 yenyewe ilizitambua lugha za jamii kuwa hazina inayofaa kutafitiwa na kuhifadhiwa. Tatizo ni mgawanyo wa kazi. Kiswahili kinafaa sana kuutangulia wimbo na kuufafanua. Kinapouchukulia wimbo nafasi yake, kinajinyima pia chenyewe, kwa kuwa msamiati wa sanaa wa Kiswahili umejengwa tangu zamani kwa kuazima kutoka lugha za jamii. Lugha ya jirani ikinyamaza, Kiswahili kitakuwa kimepoteza kisima.

Majirani zetu wamekwisha kuonja hatari hiyo. Mwaka 2012 bigwala, muziki wa baragumu za vibuyu wa Wasoga wa Uganda, uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka; mwaka 2014 isukuti ya Waisukha na Waidakho wa Kenya ikafuata. Kuorodheshwa ni sifa, lakini ni sifa ya mgonjwa.

7.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba kiangazi cha Tanzania ya kati ni majira ya sanaa kwa sababu za kazi na chakula, na kwamba maneno ngoma, sherehe na tamasha yanataja mahusiano matatu tofauti kati ya mchezaji na watu. Tamasha halina budi kuwapo. Barabara, shule na miji vimekwisha kulifanya la lazima. Linaloweza kuamuliwa ni tamasha la namna gani. Mifano iliyopitiwa inatoa mafunzo yasiyohitaji fedha nyingi: Bulabo inafundisha kwamba watu wanaweza kuwa waamuzi, Makunduchi, kwamba mgeni anaweza kuingizwa ndani, Chamwino, kwamba wenye ngoma wanaweza kuwa wenyeji wa tamasha lao na kuimba kwa lugha yao.

Kwa upande wa wanataaluma wa lugha lipo jambo moja la karibu. Likizo ndefu ya vyuo vikuu huangukia kati ya Julai na Oktoba, yaani katikati ya kiangazi. Mwanafunzi wa isimu anayerudi nyumbani Iramba katika miezi hiyo anawakuta wazee wakiwa na nafasi na nyimbo zikiwa hai. Akirekodi wimbo mmoja mzima, akauandika kwa lugha yake pamoja na toni zake, akaweka tafsiri ya Kiswahili kando na sherehe ya maneno magumu chini, atakuwa ameifanya kazi ambayo mashindano ya dakika kumi hayawezi kuifanya. Wimbo huo ukipelekwa mkoani mwaka unaofuata, mwamuzi atapewa karatasi ya tafsiri, na watoto wataimba kwa Kinyiramba.

Methali iliyotangulia makala hii haikusema kwamba mcheza vizuri hutuzwa. Imesema mcheza kwao. Kwao ni mahali ambapo maneno ya wimbo yanaeleweka kabla hayajatafsiriwa, na mahali hapo, kwa watoto wa Ulemo na wa kata nyingine kama hiyo, bado papo.